Simu Pepe na Kifo cha Bwana Shomvi

Hapo kale, yaani mwaka juzi, palikuwa na nchi nzuri mno, nzuri kiasi kwamba wenyewe waliogopa kuitumia.

Mgeni akiingia katika nchi hiyo, kitu cha kwanza anachokisikia ni mlio wa nailoni. Makochi ya sebuleni yamevikwa nailoni tangu siku yalipotoka dukani. Rimoti imefungwa nailoni na mpira wa kubana. Viti vya gari la Mheshimiwa Waziri vina nailoni ya kiwandani, hivyo kila Mheshimiwa anapogeuka kumwonya dereva, gari zima hulia chwaru chwaru. Hata Katiba ya nchi ilipochapishwa ilifikishwa bungeni ndani ya nailoni, na wabunge, watu wenye adabu zao, wameitunza hivyo hivyo mpaka leo. Ni mpya kabisa. Hakuna aliyewahi kuichafua kwa kuisoma.

Msiwacheke. Wenyewe wanasema kitu kikishavuliwa nailoni kimeanza kuzeeka, na mtu mwenye vitu vizee huyo naye watu wanaanza kumhesabu miaka. Kwa hiyo kila mwenye heshima zake huitunza nailoni kwanza, kitu chenyewe baadaye.

Na kati ya wenye heshima hao alikuwapo Bwana Shomvi Makwega, Mkurugenzi wa Majaribio katika Wizara ya Mambo Yajayo. Wizara hiyo hushughulikia mambo ambayo hayajatokea, na kwa kuwa hayajatokea, haijawahi kulaumiwa. Bwana Shomvi alikuwa mtu wa kitambi cha wastani na moyo mweupe, amebakiza muda mfupi astaafu. Simu yake ilikuwa ya siku nyingi, lakini ungedhani kainunua asubuhi ile, maana ilikuwa bado na nailoni ya dukani mbele na nyuma. Nailoni yenyewe ilikuwa imeingia ukungu kidogo. Simu ilikuwa safi.

*

Serikali ya nchi hiyo ilikuwa na tatizo la wastaafu. Wengine walikufa bila kuaga, na wengine walikuwa hai bila kibali. Mheshimiwa Waziri wa Mambo Yajayo akakosa usingizi kwa jambo hili, na alipoamka akaitisha mkutano.

"Ndugu zangu," alisema, na kiti chake kikalia chwaru, "mpaka lini uhai utakuwa jambo la kubahatisha? Mtu anaamka tu asubuhi, anajisemea yu hai! Nani kathibitisha? Kuanzia sasa uhai utakuwa wa kidijitali!"

Watu walipiga makofi mpaka madirisha yakatikisika. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa programu ya simu iitwayo NIPO. Matumizi yake ni rahisi. Mstaafu anafungua simu, anaitazama kamera, anatabasamu, anasema "Nipo," basi. Ambaye mwezi utakwisha hajafanya hivyo, jina lake litahamia katika Daftari la Marehemu, na rambirambi zitatumwa kwenye simu yake mwenyewe.

Kabla ya kuwafikia wananchi, ilibidi programu ijaribiwe. Ijaribiwe kwa simu zipi? Hapo ndipo Wizara ilipogawanyika vipande viwili kama embe.

"Mheshimiwa, tutumie simu pepe," alisema Bwana Shomvi. "Simu pepe ni simu iliyomo ndani ya kompyuta. Ina kioo, ina vitufe, ina kila kitu, ila haipo. Na kwa kuwa haipo, haitumbukii chooni, haiibiwi, haiishiwi chaji, wala haina shemeji wa kuiazima. Kwenye kompyuta moja nakufungulia simu mia za kila aina, nazijaribu zote kabla chai yako haijapoa."

Maneno hayo yalikuwa kweli tupu, na Waziri alipenda hasa lile la chai.

Lakini Bi Tausi Lwambano, Mkuu wa Vifaa, alisimama. Huyu alikuwa mama asiyeweza kununua nyanya bila kuiminya. "Mimi simu nisiyoweza kuishika siiamini," alisema. "Mwananchi ana mkono, mkono una jasho, jasho lina chumvi. Simu pepe inajua jasho? Tununue simu za kushikika, tuzitumie wanavyozitumia watu."

Hayo nayo yalikuwa kweli tupu. Sasa kweli mbili zikikutana serikalini, huundwa tume. Tume ikakaa, ikala, ikasafiri kwenda kuona namna nchi nyingine zinavyokaa na kula, ikarudi na kusema pande zote mbili ni ndugu. Mheshimiwa Waziri akatoa uamuzi ambao wajuzi wanausifu hadi leo.

"Tutatumia zote," alisema. "Simu pepe zitajaribiwa. Simu za kushikika zitahudhuria."

Simu za kushikika zikanunuliwa, zikaletwa, zikafunguliwa mabokisi. Lo! Zilimetameta ndani ya nailoni zao kama samaki wabichi. Bi Tausi, aliyetoka jasho akizipigania, alinyoosha mkono aishike moja, na mkono ukarudi wenyewe nyuma ya mgongo.

"Hapana," alinong'ona. "Hizi ni nzuri mno."

Zikapangwa katika kabati la vioo, kama vile sahani za wageni, kabati likafungwa na ufunguo ukapewa Mheshimiwa. Kabati lilielekezwa kwenye kompyuta ya Bwana Shomvi ili simu zione vizuri kazi inavyofanyika.

Na kazi ilifanyika. Kwa kuwa simu pepe haina mtu wa kuitazama, Bwana Shomvi aliichorea mtu, akampa mashavu laini na ndevu zilizochongwa, akamwita Bwana Mfano. Bwana Mfano akatabasamu mbele ya simu ya kwanza, akasema, "Nipo." Programu ikajibu, "Upo." Akatabasamu mbele ya simu ya pili, "Nipo," "Upo," na hivyo hivyo mpaka simu ya mia. Hakuna iliyokataa. Bwana Shomvi aliona fahari ya kweli, akatia saini kwamba programu haina kasoro. Na kwa kuwa sheria ilisema atakayekubaliwa na NIPO yu hai, Bwana Mfano naye akaingizwa katika Daftari la Walio Hai, na hakuna aliyeona ajabu.

*

Bwana Shomvi akastaafu. Wakamfanyia sherehe, wakamzawadia saa ya ukutani, akaitundika sebuleni pamoja na nailoni yake. Mtu akitaka kujua saa ngapi alisogea karibu akakisia.

Hakuhuzunika kustaafu, maana jambo kubwa la maisha yake lilikuwa bado liko mbele. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Zamaradi, na Zamaradi alikuwa ameposwa. Katika nchi hiyo, siku ya ndoa, Msajili humgeukia baba wa binti mbele ya kadamnasi na kumuuliza, "Umeridhia?" Baba naye hujibu neno moja tu: "Nimeridhia." Tangu Zamaradi ananyonya, Bwana Shomvi alikuwa akilijaribu neno hilo kila asubuhi akinyoa ndevu mbele ya kioo chenye nailoni. Alilijaribu kwa sauti nzito, akalijaribu kwa sauti ya upole, akalijaribu huku akifumba macho. Kanzu ya siku hiyo ilikuwa kabatini, ndani ya nailoni.

Basi akaifungua NIPO bila wasiwasi, kama mtu anayeingia nyumba aliyoijenga mwenyewe. Akatabasamu. "Nipo!"

Simu ikamjibu: "Hatukuoni. Ondoa kizuizi mbele ya kamera."

"Mama Zamaradi, hebu sogea," alimwambia mkewe, Bi Mgeni, aliyekuwa amekaa pembeni akimenya muhogo.

Bi Mgeni akasogea. "Hatukuoni. Ondoa kizuizi mbele ya kamera." Bwana Shomvi akaondoa pazia, akaondoa meza, akatoka nje akamwondoa mbuzi. Simu ikashikilia neno lake. Jirani akasema labda ni mpapai, unatia kivuli. Mpapai ukakatwa, na mapapai yenyewe yalikuwa yanakaribia kuiva.

Siku ya pili Bi Tausi alikuja kumsaidia mwenzake wa zamani. Aliichukua simu, akaigeuza huku na huku, akasema tatizo ni vumbi. Akaifuta ile nailoni kwa upindo wa kitenge chake, mbele na nyuma, mpaka ikang'aa. "Hatukuoni," ikasema simu.

Wizara nayo haikumtupa mtu wake. Ilituma Kikosi cha Kuondoa Vizuizi, wanaume wenye sururu na kofia ngumu. Walifanya kazi kwa bidii, tusiwanyime haki yao. Walipoondoka, ukuta wa jiko haukuwapo. Walichunguza kila kitu mahali pale isipokuwa simu, maana simu ilikuwa na adabu zake, imevaa nailoni.

Mwezi ukaisha. Asubuhi simu ikalia, na Bwana Shomvi akasoma kwa sauti: "Kwa familia ya marehemu Shomvi Makwega. Tumepokea kwa masikitiko kifo chake. Atakumbukwa kwa mchango wake katika kuifanikisha programu hii."

Bi Mgeni alimtazama mumewe, akatazama sahani iliyokuwa mbele yake. "Sasa niambie, baba Zamaradi. Nikae eda na huku wewe unamaliza muhogo?"

*

Bwana Shomvi akaenda kwa Bwana Ngwali, Msajili Mkuu wa Uhai, Vifo na Ndoa. Ukumbini alikuta benchi limejaa wastaafu wenzake, marehemu watupu, wakisubiri zamu yao kwa utulivu mkubwa.

"Pole sana na msiba," alisema Bwana Ngwali, akisimama kwa heshima.

"Msiba wa nani?"

"Wako."

"Ngwali, mimi nipo hapa mbele yako! Juzi tu tumekula pilau pamoja kwenye sherehe yangu!"

"Nakuona, kaka, tena nakuona vizuri," alisema Ngwali kwa huruma. "Lakini mimi si kamera."

"Basi programu ina kasoro."

Bwana Ngwali akatoa karatasi, akamgeuzia. "Saini hii ni ya nani? Simu mia zimekubali kwamba haina kasoro, na wewe ulisaini ukiwa hai. Leo umekuja kuipinga ukiwa marehemu. Sasa mimi, mtumishi wa umma, nimsikilize yupi?"

Bwana Shomvi akaitazama saini yake. Angekuwa yeye upande ule wa meza, angesema hivyo hivyo, na jambo hilo lilimkata maini. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na ndoa ya mwanangu Ijumaa? Nani atajibu?"

"Serikali haiwezi kumwacha yatima," alisema Ngwali, akifurahi kuwa na habari njema. "Tumepekua Daftari. Katika nchi nzima, mstaafu aliyethibitishwa kuwa hai ni mmoja tu. Tumekupangia yeye."

"Nani?"

"Bwana Mfano."

Siku ile Bwana Shomvi alirudi nyumbani kwa miguu. Bi Mgeni akamfariji kadiri ya uwezo wake. "Kubali tu kufa, baba Zamaradi. Ufe Ijumaa moja, mtoto aolewe, Jumatatu utafufuka. Wangapi wamekufa wasipate hata hiyo Jumatatu?" Alicheka kidogo ili mumewe acheke. Lakini Bwana Shomvi hakucheka. Iliuma. Neno moja tu ndilo alilokuwa akilitaka duniani, na neno hilo angelisema mtu aliyemchora mwenyewe.

*

Ijumaa ikafika. Turubai likafungwa uwanjani, viti vikapangwa, na Mheshimiwa Waziri akahudhuria kwa sababu ndoa ya kwanza yenye baba wa kidijitali si jambo dogo. Juu ya kiti cha baba iliwekwa kompyuta, na kompyuta wakaivisha kofia ya Bwana Shomvi, iliyomkaa Bwana Mfano vizuri kuliko mwenyewe. Marehemu walitengewa benchi lao nyuma, karibu na masufuria. Bwana Shomvi alikaa hapo katika kanzu yake mpya, na kila alipopumua nailoni ililia.

Mheshimiwa alizungumza kwanza. "Zamani baba wa binti alichelewa, alikohoa, alilia, alisahau," alisema. "Leo tunaye baba asiyechelewa wala kukohoa. Haya ndiyo maendeleo!"

Bwana Ngwali akafungua daftari, akakigeukia kiti. "Baba wa bibi harusi, umeridhia?"

Bwana Mfano akatabasamu tabasamu lake. "Nipo," akasema.

Ngwali akajikuna shingo. "Hajasema hapana," aliwaambia watu. "Naandika..."

"Usiandike!"

Alikuwa Zamaradi. Bibi harusi katika nchi hiyo hatakiwi kunyanyua hata kope, lakini huyu alinyanyuka mzima mzima, akavuka watu, akaenda mpaka kwenye benchi la marehemu na kumshika baba yake kiwiko. "Baba yangu huyu hapa. Yule simjui. Asiposema huyu, siolewi, na pilau lenu mtafungiwa mrudi nalo."

Waziri, ambaye kwa kweli hakuwa na roho mbaya na pilau alikuwa ameshalinusa, akainua mkono. "Marehemu apewe nafasi ya mwisho," aliagiza.

Bwana Shomvi akatoa simu. "Nipo," alisema.

"Hatukuoni. Ondoa kizuizi mbele ya kamera."

Kikosi cha Kuondoa Vizuizi kilikuwapo, kikaingia kazini. Wakawaondoa shangazi za bwana harusi. Wakaondoa maua. Wakang'oa mlingoti, na nusu ya turubai ikawalalia wapiga ngoma. Simu ikarudia yale yale. Mwishowe uwanja mzima mbele ya Bwana Shomvi ulikuwa mtupu, hakuna chochote, hakuna yeyote ila Zamaradi aliyekuwa bado amemshika kiwiko.

Bwana Ngwali akakohoa. "Binti," alisema kwa upole, "hebu sogea kidogo. Huenda kizuizi ni wewe."

Bwana Shomvi alimtazama Ngwali, kisha akamtazama mwanawe. Damu ikampanda kichwani. Maisha yake yote aliambiwa sogeza hiki, ondoa kile, naye akasogeza na kuondoa bila kuuliza. "Mwanangu kizuizi?" alisema. "Nimekata mpapai wangu. Nimevunja jiko la mke wangu. Leo mnataka nimwondoe mwanangu?" Akaitazama tena simu, akitafuta nini kimebaki kati yake na kamera ile. Akaona. Pale kwenye ncha ya kioo, kipande cha nailoni kilikuwa kimejikunja kidogo.

Akakishika kwa kucha.

"Shomvi!" Bi Tausi alipiga ukelele. "Mbele za watu!"

Chwaaaa.

Akina mama waliwafunika watoto macho. Mheshimiwa Waziri alisimama, akakaa, akasimama tena. Bwana Shomvi akageuza simu akabandua na ya nyuma, akazitupa nailoni zote mbili chini. Kioo kilikuwa cheusi na safi kama maji ya mtungi, na ndani yake alimwona mzee mwenye nywele nyeupe anayelia. Alikuwa hajui kwamba amezeeka hivyo.

"Tunakuona," ikasema simu. "Tabasamu."

Alijaribu. Tabasamu halikuja, machozi ndiyo yaliyokuja. Zamaradi akamnong'oneza sikioni, "Baba, kofia yako imevaliwa na kompyuta," na hapo Bwana Shomvi akacheka huku analia.

"Nipo!"

"Upo."

Bwana Ngwali, mtu wa sheria, alilipiga daftari muhuri hapo hapo juu ya goti lake. Kisha akanyoosha mgongo. "Baba wa bibi harusi, umeridhia?"

Sauti nzito ilimkimbia, na ile ya upole nayo ikamkimbia. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo kama wa jogoo anayejifunza kuwika. "Nimeridhia," alisema Bwana Shomvi, na vigelegele vikapasua mbingu. Kule kwenye kiti Bwana Mfano alisema "Nipo," lakini hakuna aliyegeuka.

Nyuma, kwenye benchi, marehemu walitazamana. Halafu ikasikika chwa, chwa, chwaaa, mstari mzima, na mmoja mmoja wakaanza kufufuka na kudai sahani.

*

Mheshimiwa Waziri aliusifu ufanisi wa programu, akaunda tume. Tume ikagundua chanzo cha tatizo: simu pepe hazikuwa na nailoni. Ikapendekeza zivikwe nailoni pepe, na zikavikwa. Bi Tausi alikwenda Wizarani, akaomba ufunguo wa kabati, akatoa zile simu za kushikika na kuziminya moja moja kwa machozi. Zilikuwa hazifanyi kazi tena na programu yoyote. Zilikuwa zimezeeka, mpya kabisa.

Ukatolewa pia Waraka wa Kuvua Nailoni, ukasambazwa nchi nzima. Ili usichafuke njiani, kila nakala ilifungwa ndani ya nailoni. Wananchi wameupokea kwa heshima na wameutunza vizuri, hakuna hata mmoja aliyeufungua.

Ila nyumba moja. Jumatatu, baada ya wageni kuondoka, Bi Mgeni alisimama sebuleni na mkasi mkononi, mbele ya kochi walilonunua mwaka waliooana. Alimtazama mumewe. Bwana Shomvi akaitikia kwa kichwa. Bi Mgeni akakata kutoka mkono mmoja wa kochi mpaka wa pili, wakaivuta ile nailoni pamoja, wakarudi nyuma hatua chache, wakalitazama.

Maisha yao yote ya ndoa walikuwa wakiwaambia watu kwamba wana kochi la kahawia.

"Kumbe ni jekundu," alisema Bi Mgeni.

Wakakaa juu yake, polepole, bila mlio wowote.